Swali Linapokuchanganya: Mwongozo Kamili wa Kufungua Maswali ya Hisabati na Sayansi, Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi akiniletea daftari na kuniambia kwamba haelewi hesabu fulani, sianzi kumweleza hesabu hiyo. Namwomba asome swali kwa sauti, polepole, na asimame pale anapohisi maana imemponyoka. Katika jioni nyingi nilizokaa na wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili hapa Temeke, ni mara chache sana nimemkuta aliyekwama kwenye kuzidisha au kugawanya. Wengi hukwama kabla kalamu haijagusa karatasi: kwenye neno lenye maana mbili, kwenye kipimo kilichobadilika katikati ya swali, kwenye mpangilio wa sentensi, au kwenye jambo ambalo maisha ya kila siku yamewafundisha na sayansi inalikataa. Kuchanganyikiwa huwa na mahali pake, na mahali hapo panaweza kuoneshwa kwa kidole. Hatua zifuatazo ni za kukusaidia upaone, kisha uendelee.

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya serikali ana mzigo wa ziada ambao hatupaswi kuufumbia macho. Miaka yote ya shule ya msingi amejifunza Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kuyakuta mambo yaleyale yameandikwa kwa Kiingereza. Yule aliyekuwa akipata hesabu zote za sehemu anaanza kuzikosa, na mwenyewe anaamini kwamba akili yake imepungua. Akili haikupungua, kilichobadilika ni mlango wa kuingilia kwenye swali. Kwa sababu hiyo napendekeza bila kusita kwamba ufikiri kwa Kiswahili kwanza, uelewe kwa Kiswahili, kisha ndipo uandike jibu kwa lugha ambayo mtihani unaitaka.

Hatua ya kwanza: Nakili swali, kisha liseme upya kwa maneno yako

Kunakili kunaonekana kuwa kazi ya kupoteza muda, lakini mkono unaoandika hulazimisha jicho kuliona kila neno. Baada ya kunakili, gawa ukurasa katika mistari mitatu. Mstari wa kwanza uandike ulichopewa, wa pili uandike unachotakiwa kukitafuta, na wa tatu uandike kile ambacho swali halikukisema ila linategemea unakijua. Mstari huu wa tatu ndio unaosahaulika. Swali la maji linategemea unajua kwamba lita moja ya maji ina takriban kilo moja. Swali la duara linategemea unajua uhusiano wa kipenyo na nusu kipenyo. Swali la pembetatu linategemea unajua kwamba pembe zake tatu zikijumlishwa hupatikana nyuzi 180. Mwanafunzi anayelalamika kwamba swali halina taarifa za kutosha mara nyingi ameziona taarifa za kwenye karatasi tu na kuziacha zile zilizomo kichwani mwake.

Kisha funika swali kwa mkono na ulieleze kwa sauti kama unavyomweleza mdogo wako. Ukishindwa kulieleza, usianze kukokotoa. Rudi, usome tena.

Hatua ya pili: Lichunguze kila neno linalobeba hesabu

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi huzaliwa.

Tuanze na neno uzito. Sokoni tunasema mfuko wa saruji una uzito wa kilo 50, na hakuna anayekosea kwa kusema hivyo. Darasani, hata hivyo, kilo hupima tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo katika kitu, ilhali uzito ni kani, yaani nguvu, ambayo dunia hukivuta kitu hicho, nayo hupimwa kwa nyutoni. Mfuko uleule wenye tungamo la kilo 50 una uzito wa takriban nyutoni 490, kwa kuwa kila kilo moja huvutwa kwa takriban nyutoni 9.8. Ukiupeleka mwezini, tungamo litabaki kilo 50, bali uzito utapungua hadi karibu moja ya sita. Mwanafunzi anayejibu kwamba uzito ni kilo 50 hajakosa akili. Amejibu kwa lugha ya sokoni swali lililoulizwa kwa lugha ya fizikia.

Joto na jotoridi ni jozi nyingine ya namna hiyo. Kikombe cha chai iliyotoka jikoni kina jotoridi kubwa kuliko ndoo ya maji ya uvuguvugu ya kuogea, lakini ndoo ile inaweza kuwa na nishati nyingi zaidi ya joto kwa sababu maji yake ni mengi. Jotoridi husema kitu kina moto kiasi gani, nalo husomwa kwenye kipimajoto. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye jotoridi kubwa kwenda kwenye kitu chenye jotoridi dogo. Ndiyo maana sufuria ya maji yanayotokota hapa Dar es Salaam, mji ulio usawa wa bahari, hubaki kwenye takriban nyuzi 100 za Selsiasi hata ukiongeza mkaa. Joto linaendelea kuingia, jotoridi halipandi, kwa kuwa nishati yote inatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Anayeyachukulia maneno hayo mawili kuwa kitu kimoja hawezi kulijibu swali hili hata akikariri kitabu kizima.

Upande wa hisabati, jihadhari na maneno yanayogeuza mpangilio. Ukiambiwa "toa 5 katika x", sikio linasikia 5 kwanza na mkono unaandika 5 − x. Jibu sahihi ni x − 5, kwa sababu x ndiyo ghala na 5 ndicho kinachotoka humo. Vivyo hivyo, ukiambiwa kwamba katika kituo cha daladala kila kondakta mmoja ana abiria 30, na uandike mlinganyo ukitumia A kwa idadi ya abiria na K kwa idadi ya makondakta, wengi huandika 30A = K, kwa kuwa macho yanaona namba 30 imekaa karibu na neno abiria. Jaribu kwa namba halisi: makondakta wawili wanapaswa kuwa na abiria 60. Weka K = 2 na A = 60 katika mlinganyo huo, utapata 1,800 = 2, jambo lisilowezekana. Mlinganyo sahihi ni A = 30K. Jaribio hilo la sekunde kumi linafaa kwa kila mlinganyo unaoutunga kutokana na maneno.

Asilimia nayo haina maana mpaka ujue ni asilimia ya nini. Kiatu kinachouzwa shilingi 10,000 Kariakoo kikipanda bei kwa asilimia 20 kitauzwa 12,000. Bei hiyo ikishuka kwa asilimia 20, wengi wanatarajia irudi 10,000. Hairudi. Asilimia 20 ya kushuka inahesabiwa kutoka 12,000, nayo ni 2,400, hivyo kiatu kitauzwa 9,600. Kila unapokutana na neno asilimia, andika pembeni yake maneno mawili: "ya nini".

Neno wastani nalo lina mtego wake. Chukua daladala linalokwenda kilomita 12 kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa kwa sababu ya foleni, kisha linarudi njia ileile kwa mwendo wa kilomita 24 kwa saa. Wastani wa mwendo wa safari yote ni ngapi? Jibu linalokuja haraka ni 18, lakini si sahihi. Kwenda kumetumia saa nzima, kurudi kumetumia nusu saa. Safari yote ni kilomita 24 kwa saa moja na nusu, yaani kilomita 16 kwa saa. Daladala lilitumia muda mrefu zaidi katika mwendo mdogo, kwa hiyo mwendo mdogo una sauti kubwa zaidi katika wastani. Wastani wa mwendo ni umbali wote ukigawanywa kwa muda wote, na haupatikani kwa kujumlisha miendo na kugawanya kwa mbili isipokuwa muda wa kila mwendo uwe sawa.

Hatua ya tatu: Chora

Chora hata kama hujui kuchora. Mstari unatosha kuwa barabara, kisanduku kinatosha kuwa tanki, mshale unatosha kuwa kani. Weka namba zote za swali juu ya mchoro. Namba iliyokosa mahali pa kukaa inakuonesha ni sentensi ipi hukuielewa.

Hatua ya nne: Linganisha vizio kabla ya kukokotoa

Kizio ni kile kinachofuata namba: mita, sentimita, saa, dakika, lita. Namba isiyo na kizio katika swali la sayansi ni nusu ya jibu, na namba mbili zenye vizio tofauti haziruhusiwi kukutana mpaka zigeuzwe.

Chukua swali la sakafu. Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, na vigae vya kuweka ni vya sentimita 30 kwa 30. Vinahitajika vigae vingapi? Mwanafunzi hupata eneo la mita za mraba 12, akakumbuka kwamba mita moja ni sentimita 100, akaandika sentimita za mraba 1,200, akagawanya kwa 900 na kupata kigae kimoja na theluthi. Kosa liko hapa: mita moja ya mraba ina sentimita 100 upande huu na sentimita 100 upande ule, kwa hiyo ina sentimita za mraba 10,000. Eneo la chumba ni sentimita za mraba 120,000, na vigae ni 133 na theluthi, yaani utanunua angalau 134, kwa kuwa dukani hawakukatii theluthi. Kwa ujazo tofauti huwa kubwa zaidi, maana mita moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 1,000,000. Kigeuzi, yaani ile 100, kinatumika mara mbili kwenye eneo (100 × 100) na mara tatu kwenye ujazo (100 × 100 × 100); ukilishika hilo, umeepuka kosa ambalo hata watu wazima wanalifanya.

Kugeuza mwendo ni kazi nyepesi ukiifanya kipande kwa kipande. Kilomita 72 kwa saa ni mita 72,000 kwa sekunde 3,600, nazo ni mita 20 kwa sekunde.

Kuna kizio kimoja ambacho sisi tunaozungumza Kiswahili tunapaswa kukiangalia kuliko wengine, nacho ni saa. Tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, ilhali saa za Kiingereza zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Saa mbili asubuhi kwetu huandikwa 8:00 kwenye karatasi ya mtihani, na saa nane mchana huandikwa 2:00 au 14:00. Ukizigeuza zote mbili, au ukiziacha zote mbili, muda kati yake ni saa sita. Ukigeuza moja na kuisahau nyingine, unaweza kupata saa kumi na mbili, na safari ya basi ikawa ndefu maradufu. Ninawashauri wanafunzi wachore duara la saa pembezoni mwa ukurasa na kuandika namba za aina zote mbili, ya kwetu ndani na ya kwao nje, mpaka watakapokuwa hawalihitaji tena.

Hatua ya tano: Kadiria jibu kabla hujalitafuta

Mwanafunzi wa vigae angejiuliza tu kama kigae kimoja kinaweza kufunika chumba kizima, angelikataa jibu lake mwenyewe. Andika kwa penseli ukubwa unaoutarajia: ni makumi, mamia au maelfu? Ni zaidi ya moja au pungufu? Mwenda kwa miguu hawezi kutembea mita 20 kwa sekunde, na kikombe hakiwezi kubeba lita 30.

Hatua ya sita: Tatua mstari kwa mstari, na ujue kwa nini kila mstari ni halali

Katika milinganyo, kanuni ambayo wengi wameikariri ni kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa hubadilika alama. Kanuni hii imewaponza wengi, kwa kuwa inasema kinachoonekana bila kusema sababu. Kwa x + 5 = 12 inafanya kazi. Kwa 3x = 12, mwanafunzi huivusha 3, akaibadilisha kuwa −3, akapata 9. Badala yake, fikiria mizani ya sokoni yenye sahani mbili zilizolingana. Ukitoa kitu sahani hii, sharti utoe kiasi hichohicho sahani ile, la sivyo mizani itainama. Katika x + 5 = 12 unatoa 5 pande zote na kubaki na x = 7. Katika 3x = 12 hakuna kilichojumlishwa cha kutolewa; kuna mafungu matatu yaliyo sawa, kwa hiyo unagawanya pande zote kwa 3 na kupata x = 4. Hakuna kinachovuka. Kinachofanyika kinafanyika pande zote mbili kwa wakati mmoja.

MAGAZIJUTO tuliyofundishwa shule ya msingi, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, ni msaada mzuri unaohitaji nyongeza moja. Katika 10 − 4 + 3, mwanafunzi anayefuata herufi bila kutazama hujumlisha 4 na 3 kwanza, akapata 10 − 7, yaani 3. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa vina daraja moja, na hufanywa kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha navyo ni hivyohivyo. Ukitaka kujumlisha kwanza, kumbuka kwamba alama ya kutoa ni mali ya 4, na inatembea nayo: 10 + 3 − 4. Laiti nyongeza hii ingefundishwa siku ileile neno MAGAZIJUTO linapofundishwa.

Kwa sehemu, mfano wa chapati haujapata mpinzani. Nusu ya chapati ukijumlisha na theluthi ya chapati, mwanafunzi hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akapata mbili ya tano. Lakini mbili ya tano ni pungufu ya nusu. Inawezekanaje uwe na nusu, uongezewe kipande kingine, kisha uwe na kidogo kuliko ulivyokuwa nacho? Kata chapati katika vipande sita vilivyo sawa: nusu ni vipande vitatu, theluthi ni vipande viwili, jumla ni vipande vitano vya sita. Kutafuta asili ya pamoja, yaani namba moja ya chini kwa sehemu zote, ni huko kukata vipande vya ukubwa mmoja ili viweze kuhesabika pamoja.

Pale ambapo uzoefu wako unakupa jibu lisilo sahihi

Maswali ya sayansi yana ugumu wa aina nyingine ambao hesabu hazina: unayajibu kwa yale uliyoyaona, na uliyoyaona yanaweza kukupotosha kwa uaminifu kabisa.

Swali la majira ya mwaka ni mfano mzuri kwa mtu wa pwani. Ukiulizwa kwa nini kuna majira ya joto na ya baridi, utajibu kwamba dunia husogea karibu na jua kisha ikaenda mbali. Ajabu ni kwamba ushahidi wa Dar es Salaam unaonekana kuliunga mkono jibu hilo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, takriban kilomita milioni 147, wakati wa kaskazi na joto letu kali. Na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, takriban kilomita milioni 152, wakati wa kusi na kipupwe. Lakini Januari hiyohiyo Uingereza wanatetemeka kwa baridi, ingawa wako kwenye dunia ileile na umbali uleule. Sababu halisi ni kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.4, hivyo nusu moja ya dunia hulielekea jua zaidi wakati nusu nyingine inalipa mgongo. Funzo la vitendo hapa ni hili: kabla ya kuliamini jibu lililotokana na unachokiona nyumbani, lipeleke mahali pengine ulione kama linasimama.

Daladala likifunga breki ghafla, abiria hutupwa mbele. Ni kani gani iliyowasukuma mbele? Hakuna. Walikuwa wanakwenda mbele pamoja na gari, gari likapunguza mwendo, miili yao ikaendelea kama ilivyokuwa. Hii ndiyo inesha, iliyomo katika kanuni ya kwanza ya mwendo ambayo Newton aliichapisha mwaka 1687. Ukiona swali linauliza "kani gani", usilazimike kuibuni.

Matone yaliyo nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu hayakuvuja kutoka ndani. Yatazame: soda ni ya rangi, matone hayana rangi, na ukiyaonja hayana sukari. Ni mvuke uliokuwa hewani, ambao katika unyevu wa mji huu ni mwingi, ukapoa ulipogusa chupa na kuwa maji.

Na pantoni la Kigamboni, lililojengwa kwa chuma na kubeba magari, linaelea ilhali msumari wa gramu chache unazama. Anayesema kwamba vitu vizito huzama hana namna ya kulieleza hilo. Linganisha densiti, yaani tungamo la kitu kizima likigawanywa kwa ujazo wake wote. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina takriban kilo 1,025. Pantoni limejaa nafasi zenye hewa, na kila mita ya ujazo wake kwa wastani ina kilo pungufu ya hizo. Msumari ni chuma mwanzo hadi mwisho, hauna nafasi yenye hewa, na densiti yake ni kubwa kuliko ya maji.

Hata hivyo, usiutupe uzoefu wako eti kwa sababu kitabu kimenyamaza juu yake. Mwaka 1963 mwanafunzi wa sekondari wa Tanganyika, Erasto Mpemba, aliona mchanganyiko wa moto wa kutengenezea aiskrimu ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Hakuliacha swali. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, aliyekuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ambaye alilijaribu jambo hilo maabara badala ya kulicheka, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao. Wanasayansi wanalijadili mpaka leo kwa jina la athari ya Mpemba. Tofauti kati ya swali lake na ubishi mtupu ni kwamba alieleza kwa usahihi alichokiona: vyombo gani, jotoridi gani, jokofu gani.

Swali moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho

Tanki la lita 1,000 lina maji robo tatu. Bomba linaingiza lita 12 kwa dakika, na tundu la chini linavujisha lita 2 kwa dakika. Bomba likifunguliwa saa 11:50 kwa mtindo wa Kiingereza, kabla ya adhuhuri, tanki litajaa saa ngapi?

Nilichopewa ni ujazo, kiasi kilichomo, kasi ya kuingia, kasi ya kuvuja na saa ya kuanza. Ninachotakiwa ni saa ya siku, si idadi ya dakika. Hili ndilo neno la kupigia mstari, kwani wengi huishia kwenye dakika na kupoteza alama. Kisichosemwa ni kwamba tundu linaendelea kuvuja muda wote bomba likiwa wazi. Nachora kisanduku, naweka mstari kwenye robo tatu, mshale mmoja unaingia na mwingine unatoka.

Robo tatu ya 1,000 ni 750, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni lita 250. Vizio vyote ni lita na dakika, hakuna cha kugeuza. Nakadiria: kama pasingekuwa na tundu, lita 250 kwa 12 zingechukua dakika ishirini na kitu, tundu linachelewesha, basi jibu lazima liwe kubwa kidogo kuliko hapo. Kila dakika tanki linabakiwa na lita 12 − 2 = 10. Muda ni 250 ÷ 10 = dakika 25. Nakagua kwa kurudi nyuma: kwa dakika 25 zimeingia lita 300, zimevuja lita 50, zimebaki lita 250, na 750 + 250 ni 1,000. Dakika 25 baada ya 11:50 ni 12:15, yaani saa sita na robo mchana.

Ukishindwa baada ya hatua zote

Nenda kwa mwalimu, lakini usiende na neno "sijaelewa" peke yake. Mpelekee mistari yako mitatu, mchoro wako, na mahali penyewe ulipokwama. "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie hapa: nimepata kwamba tanki linabakiwa na lita 10 kwa dakika, lakini sijui kama nigawanye 250 au 1,000 kwa hiyo 10." Swali la namna hii mwalimu mwenye darasa la wanafunzi wengi anaweza kulijibu akiwa amesimama mlangoni, na jibu lake litagusa kidonda chenyewe. Kama ni mwenzako ndiye anayekusaidia, mwombe asikuandikie jibu. Mwombe akuulize maswali.

Kwa mazoezi, vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania na mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani vinatosha kabisa. Asiye na mahali tulivu pa kusomea nyumbani aijaribu Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Fanya maswali machache kwa hatua zote kuliko mengi kwa haraka.

Mwisho, tenga daftari dogo la makosa. Usiandike humo majibu sahihi; andika kosa, na pembeni yake aina yake kwa neno moja: neno, kizio, mpangilio, picha, au uzoefu. Baada ya mwezi hesabu kila aina imejirudia mara ngapi. Mwanafunzi mmoja niliyekaa naye aliamini kwamba yeye ni dhaifu katika fizikia yote. Daftari lake lilionesha makosa 19, na 14 kati yake yalikuwa ya vizio. Tulitumia wiki mbili kwa vizio peke yake.